Memori ya Helmeti ya Ndugu Yangu

Mtu akikuambia vitu vya marehemu ni vitu tu, mwambie akakae navyo chumba kimoja. Mimi nilikaa na helmeti ya ndugu yangu hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, ikining'inia kwenye msumari, na mbele yake kile kikamera kidogo cha kurekodi barabara. Nilikigeuza kitazame ukuta. Haikusaidia. Nikakivisha soksi, nikajicheka, nikaitoa soksi, kisha nikairudisha.

Ndugu yangu alikuwa mtu wa bodaboda, steji yake Kawangware 56. Alinunua kikamera kwa sababu barabarani mwenye pikipiki huwa na makosa hata kabla hajafungua mdomo, na yeye alitaka ushahidi. Alikiseti kwa njia yake: ukikiwasha tu, kinaanza kurekodi. Memori ikijaa hakisimami. Kinafuta ya zamani kabisa ili kiandike mpya. Kwa hiyo kadi ndogo kama yake haikuweza kukumbuka siku nzima. Ilikumbuka safari chache za mwisho, basi.

Alianguka akirudi steji, bila abiria. Zaidi ya hapo huwa sisimulii.

Tulimzika nyumbani, magharibi. Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko watu hunyoa nywele na wazee hugawa vitu vya marehemu mbele ya wote, ili pasiwe na manung'uniko baadaye. Mashati yalienda kwa binamu, redio kwa mjomba, pikipiki na helmeti kwangu. Lakini kabla kikamera hakijanifikia, baba mdogo alitaka kujua kama bado ni kizima. Akakiwasha. Akakikodolea macho, akampa jirani yake, naye akampa wake, kila mzee akikipuliza vumbi na kukisogeza puani kama anayekinusa. Kilizungushwa kikao kizima kama mtoto mchanga anayetambulishwa kwa ukoo. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, na hakuna aliyejua ilikuwa inasema nini. Ilikuwa inasema kwamba wazee wanaandikwa, na kwamba kwa kila dakika yao, dakika moja ya ndugu yangu inafutwa.

Mama yetu anauza omena, wale dagaa wa ziwa, Kisumu Ndogo, Kibera. Tuliporudi Nairobi hakuomba kitu kwa muda mrefu. Simu yake ni mulika mwizi, kale kadogo ka tochi, haihifadhi sauti ya mtu, na ndugu yangu alizoea kumpigia tu. Siku moja nikimsaidia kupepeta omena, alisema bila kuinua uso:

"Sura yake ninayo, ile picha tulibeba mazishini. Lakini sauti inanitoka. Jana nimejaribu kuisikia, nikasikia yako."

Nikaendelea kupepeta.

"Hako kakitu ka kichwani, si kalikuwa kanashika sauti?"

"Kalikuwa kanashika, mama."

"Basi nitafutie sauti. Usinionyeshe kitu kingine."

Ndiyo maana nikaenda kutafuta memori kadi. Kukiwasha kikamera na ile kadi ndani sikuthubutu, kwa maana ningezidi kumfuta mwenyewe. Nilihitaji kadi nyingine ya kumwekea mama sauti, na nilihitaji ile ya zamani itoke humo ipumzike.

Pale 56 kuna dada anayeuza vitu vya simu kwenye kibanda kilichobanwa kati ya hardware na kinyozi. Aliniona nikitazama kioo chake.

"Niaje bro. Unataka ya simu ama ya kamera?"

"Ya kamera ya helmet."

"Hizo hukula memori vibaya sana." Akanitolea mbili, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Hii ya rangi rangi imeandikwa kubwa, lakini ndani ni hewa. Ikijaa inaandika juu ya vitu zako za kwanza na haikuambii. Hii ingine ni ndogo kidogo, lakini kile imeandikwa ndio kiko ndani. Na iko na spidi ya video, haitakukatia njiani."

Niliuliza inavumilia joto kiasi gani. Niliuliza kama mvua inaweza kuiharibu, kama inazeeka, kama huwa inasahau yenyewe tu bila kuguswa. Dada akaniangalia.

"Bro, unanunua kadi ama unaiposa?"

Nilichukua ile ya kweli. Akaomba kikamera, akakifungua, akachomoa kadi ya zamani na kuichomeka kwenye kompyuta yake. "Na hii bado iko poa," akasema. "Wacha niiformat, nifute zote, utumie hii hii, usave doh yako."

Nilimfokea. Nilimwambia atoe mkono, kwa sauti iliyomfanya kinyozi azime mashine na mteja ageuze kichwa kilichonyolewa nusu. Nina hasira za karibu, na tangu msiba zilikuwa zimekuwa karibu zaidi. Dada hakunijibu kwa ukali. Aliinua mikono yote miwili.

"Ni ya nani?"

"Ya brother yangu. Ametuacha."

"Woiye. Pole sana."

Akaichomoa taratibu, akaitia kwenye kava kubwa ya plastiki yenye kidude kidogo pembeni, akakisukuma kidude hicho chini kwa ukucha. "Ikikaa hivi, hakuna kitu itaandikwa juu yake tena. Ni kusoma tu." Kisha akairudisha kwenye kompyuta, akanipa kiti chake na vipaza vya masikioni, akasimama mlangoni akiangalia barabara.

Nilianza na video za mwisho, kwa woga. Niliona videvu vya wazee, pua ya baba mdogo, mvi za mjomba. Kabla ya hapo palikuwa na mbingu. Kamera ilikuwa imelala barabarani ikitazama juu, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekumbuka kuizima. Viatu vilipita, mtu akasema leteni maji, kisha watu wakaenda naye na kamera ikabaki. Mbingu, waya mmoja wa umeme, na mawingu yakipita polepole. Kamera iliyaandika yote kwa uaminifu, na ili mawingu yapate nafasi ikafuta asubuhi yake yote, steji, utani wake, wateja wake. Niliyachukia yale mawingu. Najua hayana kosa. Bado nayachukia, hata leo yakitanda nafunga dirisha.

Kilichobaki cha ndugu yangu kilikuwa safari moja. Mama mmoja mwenye mizigo, kutoka 56 kwenda Kibera. Na baada ya kumshusha, safari ya kurudi.

Ya kurudi sikuitazama. Nilimwomba dada anikatie kipande cha mwanzo tu cha safari ya kwenda, kabla hata pikipiki haijafika mbali, kwa sababu niliogopa kukata karibu na ile sehemu. Akakihamisha kwenye kadi mpya, na mimi nikaiweka kadi hiyo kwenye simu yangu.

Mama alinawa mikono ya omena kwa sabuni, mara mbili, kama anayekwenda kupokea mgeni. Akaketi, akaweka simu sikioni ingawa nilimwambia atasikia hata akiwa mbali. Nami nikasikia vizuri kutoka nilipokuwa.

"Mathe, sasa. Tunaenda side gani?"

Mama akafumba macho kwa lile neno, mathe, mama kwa lugha ya steji. Yule mteja akajibu Kibera, mizigo ikapandishwa, pikipiki ikanguruma.

"Umeshika vizuri, mathe?"

Yule mteja hakusema kitu, nadhani aliitikia kwa kichwa tu. Palikuwa na kimya kifupi, na katika kimya hicho mama yangu akasema, "Nimeshika, baba."

"Haya, twende," akasema ndugu yangu.

Upepo ukaanza, na sauti ikakatika pale nilipomwambia dada akate. Mama hakuitoa simu sikioni. Alisubiri.

"Huyo mama alifika?"

"Alifika, mama. Alimfikisha mpaka mlangoni."

"Na yeye?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini si kwa hilo. "Memori ilijaa," nikamwambia. "Ilikuwa ndogo. Imeishia hapo."

Mama akanigeukia na uso ule ule aliokuwa nao tulipokuwa wadogo na tumepoteza viatu shuleni.

"Si angenunua kubwa!" akasema. "Si mngemwambia anunue kubwa!"

Hapo nikalia, mtu mzima, mbele ya omena na majirani, na mama akaniacha nilie, akabonyeza simu kwa kidole asichojua kukitumia, akitafuta pa kuanzia tena.