Emerance na Somo la Barnaba

Zamani, mtu mgeni Merrylands, mtaa wa Sydney, Australia, akiuliza ibada ya Kiswahili iko wapi, aliambiwa, "Nenda kwa Emerance." Hapakuwa na mchungaji wala bango. Palikuwa na sebule, viti vya plastiki vya kuazima, na sufuria la maharage ambalo kila Jumapili lilionekana dogo na kila Jumapili likawatosha.

Mwenye sebule alizaliwa Ruyigi, Burundi, akakulia kambini Kibondo, upande wa Tanzania, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili na kuimba. Sydney alikuja na mumewe, binti yao Keza akiwa bado mgongoni. Mume hakukaa sana, maradhi yakamchukua. Emerance akabaki na mtoto, na kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba ya wazee, na wale watu wa Jumapili: Warundi, Wakongo, Wakenya, yeyote aliyechoka kumwomba Mungu kwa Kiingereza.

Kawira naye alikuwa muuguzi kutoka Meru, Kenya, mwanamke wa maneno, mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi. Mwanzoni hakuipenda ile ibada hata kidogo. Kwenye harusi moja kule Minto alisema mbele za watu, "Hilo si kanisa, ni chama cha maharage." Watu walicheka, na maneno yakamfikia Emerance kabla ya keki kukatwa.

Kisha ndugu yake Kawira akafa kwao, naye hakuweza kusafiri kwenda kumzika. Jumapili ile akatokea mlangoni kwa Emerance, macho yamevimba. Waliokuwa ndani wakatazamana. Mmoja akasogeza mkoba wake juu ya kiti kitupu. Emerance akatoka jikoni, akamshika Kawira mkono, akamketisha pale pale penye mkoba.

"Huyu ni mgeni wangu," aliwaambia. "Mwenye neno naye aanze na mimi."

Na hata Kawira alipopata kazi Newcastle, mji wa mbali kaskazini, akahama, Emerance hakumwacha. Alipanda treni, akamfuata hadi kwake. "Watu wameongezeka," alimwambia. "Mimi ni wa kuimba, kufundisha siwezi peke yangu. Rudi, mdogo wangu, tusaidiane." Kawira akalia, akafungasha, akarudi.

Basi akaanza kufundisha, na kwa kweli alijua kufundisha. Angeweza kukueleza habari ya mwana mpotevu ukadhani ni jirani yako wa Guildford. Sebule ikajaa hadi varanda. Wakakodi ukumbi karibu na maduka makubwa, wakanunua spika na maikrofoni.

Siku moja Emerance alikuwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, amesimama foleni na pakiti ya dagaa. Mbele yake mama mmoja wa Kikongo alimuuliza mwenziwe, "Nyinyi munasali wapi?"

"Kwa Kawira. Pale ukumbini."

Emerance akaweka dagaa juu ya magunia ya mchele, akatoka bila kununua kitu.

Tangu hapo roho haikutulia. Wivu si ugonjwa wa kelele. Ulimkalia kama mwiba wa samaki kooni: anakula, anaongea, anacheka, nao upo. Kawira akihubiri, Emerance alisikiliza ngeli tu, mahali alipokosea. "Kitabu yangu," alisema Kawira, na Emerance akajisemea moyoni, kitabu changu, mwalimu. Watu wakiitikia "Amina!" kwa nguvu, alitazama viatu vyake. Jumapili moja maikrofoni ilipiga yowe ikafa katikati ya mahubiri, naye akasikia utamu kinywani kama aliyetafuna muwa.

"Mum, you're smiling," Keza alimnong'oneza, na mama yake akafuta tabasamu upesi.

Nyumbani, akikuna nazi au akikunja nguo, alirudia msemo mmoja: shukrani ya punda ni mateke. Wala Kawira hakuwa amempiga teke lolote. Alimsalimu vizuri, alimwita Mama Keza kwa heshima, alimtumia picha za ndugu zake wa Meru. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Baada ya Pasaka wakakubaliana kusoma maisha ya mitume, kila wiki mtu mmoja asimame afundishe. Kawira aligawa masomo kwa ujumbe wa simu. Gitau, Mkenya mmoja, alipewa Petro, Siméon, Mrundi wa kule Minto, akapewa Andrea, Kawira mwenyewe akachukua Paulo. Emerance alipewa Barnaba.

Alifungua Matendo ya Mitume akiwa mapumzikoni kazini, chai ikipoa kando. Akasoma jinsi mtu huyu wa Kipro, aliyeitwa Yosefu, alivyopewa na mitume jina la mwana wa faraja. Akasoma jinsi Sauli, aliyekuwa akiwatesa waumini, alivyofika Yerusalemu na wote wakamwogopa, na Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Akafika mahali Barnaba anapokwenda Tarso kumtafuta Sauli amlete Antiokia. Emerance akakifunga kitabu. Alihisi uso unawaka.

"Ananisema," alijiambia. "Huyu mwanamke ananisema."

Aliendelea kusoma kila alipopata nafasi, kwa hasira. Aliona jinsi majina yalivyobadilishana mahali. Mwanzo ni Barnaba na Sauli. Safari ikishika kasi, ni Paulo na watu wake. Kisha Paulo na Barnaba. Kule Listra watu walidhani Barnaba ndiye mungu mkuu na Paulo ni msemaji wake tu, lakini Emerance hakupata faraja humo, kwani hao walikuwa wapagani na hawakujua kitu. Alichokitafuta hakukipata. Alitaka kujua usiku Barnaba alikuwa analalaje, akimsikia kijana aliyemleta mwenyewe akishangiliwa. Kitabu hakikusema neno. Kilisema tu kwamba mwishowe waligombana vikali kwa sababu ya Yohana Marko, aliyewahi kuwaacha njiani. Paulo hakumtaka tena, Barnaba alimtaka, wakaachana, na Barnaba akamchukua Marko wakatweka kwenda Kipro. Baada ya hapo Matendo hayamtaji tena.

Siku ya somo lake ukumbi ulijaa. Emerance alianza vizuri mno. Hakuwa na madoido ya Kawira, lakini aliongea kama anayezungumza na mgonjwa kitandani, pole pole, na watu wakamwinamia. Aliwapeleka Yerusalemu, Tarso, Antiokia. Wazee wa Kirundi walitikisa vichwa kwa kukubali. Akasikia "Amina" ya kwanza, ikamlewesha.

"Basi ndugu zangu," alisema, na sauti ikabadilika, "Paulo aliandika barua nyingi. Ni katika barua gani alisema, asante Barnaba, ulinishika mkono wengine wote waliponikimbia? Wengine ni hivyo. Ukishamtoa shimoni, anasimama mabegani pako aonekane mrefu."

Akamtazama Kawira. Ukumbi mzima ukageuka, ukamtazama Kawira.

Hakuna aliyesema amina. Mtoto alikohoa nyuma. Kawira aliangalia mikono yake, kisha akainuka polepole, akatoka kwa mlango wa pembeni. Emerance akamaliza kwa sala fupi ambayo baadaye hakuikumbuka.

Garini Keza hakutia muziki. "That was mean, Mum," alisema.

"Hujui kitu wewe."

"I know it was mean."

Emerance hakurudi ukumbini. Jumapili zilizofuata alisali kwenye kanisa la Kiingereza karibu na nyumbani, ambako walimkaribisha kwa biskuti, wakamuuliza jina lake, na wiki iliyofuata wakamuuliza tena. Kawira hakupiga simu. Emerance pia hakupiga. Kila mmoja alimngoja mwenziwe.

Kilichowakutanisha ni msiba. Mama yake Siméon alifariki Burundi, na watu wakajaa nyumbani kwake Minto kumfariji. Emerance hangeweza kukosa msiba wa Mrundi mwenzake. Alikwenda na ndizi na maharage, akaingia jikoni moja kwa moja. Kawira alikuwa pale, mikono imezama kwenye povu hadi kiwikoni.

Emerance akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Sebuleni watu walikuwa wakiimba.

"Nilikuonea wivu," Emerance alisema hatimaye, akiitazama sahani. "Bado nakuonea."

"Najua, Mama Keza. Aki ya Mungu, kila mtu anajua."

"Niliyosema mbele za watu sikupaswa kuyasema. Nisamehe."

Kawira akasugua sufuria kwa muda. "Iliniuma sana," alisema. "Kwa sababu ni kweli sijawahi kukushukuru mbele ya watu. Hapa jikoni nikushukuru, itahesabika?"

"Itahesabika nusu."

Kisha Emerance akauliza kile kilichokuwa kikimla. "Lakini kwa nini ulinipa Barnaba? Ulitaka kunieleza nini?"

Kawira akageuka, povu likimtiririka. "Kukueleza? Si hakuna mtu alimtaka! Gitau alitaka Petro, Siméon akataka Andrea kwa sababu ni jina la babake. Wewe hukujibu ujumbe. Barnaba ndiye alibaki."

Emerance alimkodolea macho. Majuma yote yale ya kukosa usingizi! Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikamshika na Kawira, hadi Siméon mwenyewe, mfiwa, akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Alirudi ukumbini. Kawira alimsimamisha mbele, akasema wazi nani alimfungulia mlango na nani alimfuata Newcastle. Watu walipiga vigelegele. Emerance alidhani hapo ndipo wivu ungekufa.

Haukufa. Jumapili iliyofuata Kawira alifundisha habari za Filipo na yule Mkushi garini, akafundisha vizuri kupita siku zote, na Emerance akauhisi ukimchoma chini ya mbavu. Akakaza mshipi wa kitenge chake. Watu walipoitikia amina aliitikia nao, kwa sauti ndogo, kisha akaitikia tena kwa sauti kubwa zaidi, akasimama kuanzisha wimbo.