Ulimi Unaojifunza Hauchekwi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali pale Njombe, enzi za Mwingereza, na mpaka leo nikiifikiria damu hunichemka. Nilikuwa msichana wa kazi katika zahanati ya misheni. Sista wetu, Mhispania, alikuwa bado hajui Kiswahili, basi tulipokuwa tukikunja bendeji alinifundisha lugha yake. Kwetu, mwanangu, mtendaji hukaa mwanzoni mwa kitenzi: ninakula, anakula. Kwao hujificha mkiani: como ni ninakula, come ni anakula. Mkia mdogo, lakini ole wako uukosee!

Akaingia bibi mmoja aliyetoka Makambako kwa miguu, mjukuu mgongoni, mtoto amelegea kama jani la boga juani. "Tangu juzi hali kitu," akaniambia kwa Kibena. Nikamgeukia Sista: "No como."

Sista akanitazama kwa huruma, akanikatia mkate. Nilikuwa nimesema, "Mimi sili."

Karani wa misheni, aliyeijua lugha ile kunipita mimi, akacheka hadi akashika meza. "Kumbe mwenye njaa ni yeye! Mwongezeeni!" Wagonjwa nao wakaangua kicheko. Nikainama kwa haya. Hebu fikiri! Mtu mzima analijua neno, mtoto anazimika mbele yake, naye anacheka!

Bibi hakujua Kihispania, lakini dharau haihitaji mkalimani. "Wewe baba," akamkabili, "ulizaliwa unasema? Mama yako alikucheka ulipoanza kumwita?" Kisha akanigeukia kwa ukali uleule: "Nawe binti, mjukuu wangu afe kwa sababu unaona haya? Sema tena!"

Nikasema: "El niño no come." Mtoto hali. Sista akaudondosha mkate, akampokea mtoto mikononi. Alilazwa, na baada ya siku chache akanywa uji. Karani? Hakuomba radhi hata kwa jicho.

Wahenga walisema, hucheka kovu asiyefikwa na jeraha. Basi sikia, mwanangu. Ukijifunza lugha, kosea kwa sauti, usikiwe, urekebishwe. Mwanzo wa ngoma ni lele. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayejua, mpe mwenzio neno sahihi upesi. Kulificha ili aaibike ni uchoyo, tena uchoyo wa kuua.

Mungu aulainishe ulimi wako, mwanangu, akukinge na wenye kucheka wanaojifunza, na asikufanye kamwe mmoja wao.