Kona Ambayo Mwalimu Hakuitupa

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na si kwa sababu ilinipa sifa. Sifa ninazo nyingine. Niliacha shule darasa la sita kule Fizi, na leo ukiuliza mtaani Mchesi suti inayokaa begani inashonwa wapi, watakuleta kwangu. Lakini miaka ile ya mwanzo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nilikuwa na cherehani moja, na mdomo mkubwa kuliko cherehani.

Mwalimu Bahati, mtu wa Bukavu, alifundisha hesabu bure kila Jumamosi mchana, katika kibanda kilichopakana na chumba changu cha kushonea. Mdogo wangu Furaha alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo Lilongwe, na kambini hatukumjua mwingine wa kumfundisha hesabu ile.

Siku hiyo Mwalimu alichora mraba ubaoni, upande wake x. Akasema, "Tukiongeza upande kidogo, tuseme h, eneo linapata vipande viwili virefu na kona ndogo. Kona tunaiacha. Kasi ya kukua njo 2x."

Nikapaza sauti dirishani. "Mwalimu, fundi akiacha kona, meza ya harusi inabaki uchi. Unafundisha batoto kuiba kitambaa?"

Kibanda kizima kikacheka. Jumamosi iliyofuata, kati ya wanafunzi tisa walikuja wawili. Wengine walisema Mwalimu anabahatisha.

Furaha hakunifokea. "Yaya, kaka yangu, we uko na cherehani. Mi niko na Mwalimu tu. Akifunga, nitasomea wapi?"

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo niliijua, ila nilidhani ni ya wanawake.

Nikamfuata Mwalimu kuomba radhi. Akanirudisha kwenye meza yangu. "Fundi, pima kitambaa sentimita mia kwa mia. Ongeza kumi kwa urefu na kumi kwa upana. Eneo limezidi ngapi?"

Kwa kitambaa hakuna msomi wa kunishinda. Vipande viwili, elfu moja kila kimoja, kona, mia. Elfu mbili na mia moja.

"Gawanya kwa kumi uliyoongeza."

"Mia mbili na kumi."

"Sasa badala ya kumi ongeza moja tu, kisha gawanya kwa moja."

"Mia mbili na moja." Tukajaribu nusu: mia mbili na nusu.

"Kinachozidi mia mbili njo kona yako," akasema. "Sikuitupa. Vipande ni xh na xh, kona ni h mara h. Ukigawanya vyote kwa h, unabaki na 2x na h moja. H ikielekea sifuri, inabaki 2x. Kosa langu ni kusema haraka mno. Kosa lako ni kuchekesha watu kabla sijamaliza."

Nilizunguka nyumba za wale saba walioacha, nikawaomba warudi. Jumamosi nikasimama ubaoni na kitambaa na pini, nikaeleza yote.

"Fundi, leo hauibi?" mmoja akauliza.

"Leo narudisha," nikamjibu.

Nilieleza vizuri kuliko Mwalimu. Mwenyewe alikubali, ingawa alikohoa kwanza. Darasa likaendelea, na Furaha akapita mtihani wake.

Basi mwanangu, neno la mjuzi likikukaa vibaya, uliza, maana kuuliza si ujinga. Lakini mwache afike mwisho, na kabla ya kumfanya mtu kichekesho barazani, fikiri ni nani anayemtegemea. Mungu akupe sikio refu kuliko ulimi, na akujalie walimu wenye subira kwa watu kama mimi.