Fahali Aliyepelekwa Kutoa Damu

Tuliondoka Kibakwe kwa ajili ya dada yangu Mboni. Alikuwa amelazwa Mpwapwa na uvimbe tumboni, na daktari alisema hampasui mpaka ndugu watoe damu. Baba mdogo, anayetulea, alikuwa amesikia redioni kwamba wataalamu wa ng'ambo wanatengeneza damu ya kumwongezea mtu kutokana na damu ya ng'ombe. Akachagua fahali mwekundu, akaniambia nimswage.

Asubuhi tulishuka milima polepole, maana njia ina mawe. Jioni tulilala kwa mfugaji mmoja aliyetupa ugali na mlenda. Aliposikia shida yetu aliuliza kama mgonjwa hataanza kula majani. Baba mdogo hakucheka.

Mpwapwa tulifika kesho yake mchana. Langoni mlinzi wa hospitali alimtazama fahali, akauliza, "Huyu naye analazwa wodi gani?"

Maabara tulimkuta mpimaji wa damu, mama mmoja wa Kondoa, amejifunga ushungi. Yeye hakutucheka. Alisema redio haikudanganya. Huko ng'ambo huchukua himoglobini, yaani kile chekundu kinachobeba hewa ndani ya damu, wakakisafisha na kukifunga vizuri ili kisivunjike kikaumiza figo. Lakini walikuwa bado wanajaribu. Damu ya fahali ikiingizwa ilivyo, ingemuua dada.

"Hapa nahitaji mkono wako, baba," alisema.

Nilipimwa kwanza, damu yangu ikakataa kupatana na ya dada. Ya baba mdogo ikapatana. Alikaa kimya, jasho likimtoka usoni, akasema afadhali turudi nyumbani tukafikiri. Mimi ni mtu wa aibu na sikuwahi kumhoji, lakini nilijua dada hawezi kusubiri.

"Baba mdogo, fahali tukimtoboa shingo kwa mshale tukakinga damu, hufa?"

"Hafi. Hunywa maji, akaendelea kula."

"Basi."

Alinitazama sana. Kisha akakunja mkono wa shati.

Siku ya kurudi tulimwacha dada amekwisha kupasuliwa, anakunywa uji. Njiani watu walituuliza kama fahali ametoa damu.

"Huyu amekataliwa," baba mdogo alijibu kwa majivuno. "Wamechukua yangu."

Zamani nilidhani akinyamaza amekasirika. Katika safari ile nilijifunza kwamba watu wazima nao huogopa, na tangu hapo namwuliza mambo mengi.