Aliyenikana Ndiye Atakayenikaribisha Shuleni

Admin, jina langu likae kwako tu. Huku kwetu Pate mtu akikohoa, kijiji cha pili washamwambia pole.

Nina miaka ishirini, nilichelewa kuanza masomo, sasa niko kidato cha tatu shule ya kutwa. Nina binti wa miezi saba. Baba yake yuko shule hiyo hiyo. Tulikuwa darasa moja. Yeye ameingia cha nne, mimi nimerudia cha tatu. Nilipomwambia nina mimba alilia, akaniapia tutaoana akimaliza mtihani. Mama yangu alipokwenda kwao, babake akamwita mbele ya ami zake akamuuliza, "Wamjua binti wa huyu?" Akajibu, "Namuona shuleni." Basi, yakaishia hapo. Mimi nikakaa nyumbani na tumbo langu, yeye hakukosa hata kipindi kimoja. Mwaka huu wamemfanya kaka mkuu.

Nilirudi kwa sababu sheria yaruhusu aliyezaa kurudi, na kwa sababu shule naipenda. Siku ya kwanza wakati wa chakula, nikaketi kwenye sinia na wenzangu watatu, maana sisi hula wanne wanne. Mmoja, tuliyelelewa naye nyumba moja, akavuta mtandio wake akasema, "Jamani mie nimeshiba." Wali haujaguswa. Wa pili naye akashiba. Wa tatu akashiba. Nikabaki na chakula cha watu wanne mbele yangu na ukumbi mzima unanitazama nitakula vipi. Kesho yake nikahamia sinia jingine, na shibe ikanifuata huko.

Aliyekuja kuketi nami ni msichana mmoja tu, wazazi wake wa bara, babake askari. "Songa," aliniambia, "mimi nina njaa." Naye hana mtu, wenzetu humwita wa kuja ijapokuwa amezaliwa hapo Mokowe, Lamu hii hii. Tangu siku hiyo wakatuita sinia la makombo.

Kunyonyesha siwezi, nyumbani ni mbali. Maziwa yakijaa mpaka yanawaka, huomba ruhusa nikaingia stoo ya kuni nyuma ya jikoni, nikayakamua chini kwenye mchanga. Mwanangu huko nyumbani anapewa uji. Siku moja mwalimu wa hesabu alinikatalia ruhusa, yakapenya nguo na mtandio. Toka siku hiyo jina langu ni Maziwa Lala, kama yale ya mgando ya dukani. Wavulana huniuliza, "Maziwa Lala, pakiti bei gani leo?" Kaka mkuu husimama nao. Yeye hasemi, hucheka kwa pua tu.

Sasa wiki iliyopita mwalimu mkuu akaniita ofisini. Alhamisi hii kuna wageni wa mradi wa usawa, watateremka gatini Mtangawanda, na shule imechaguliwa kwa kuwa haibagui mtu. Akaniambia, "Utapanda jukwaani useme vile tulikupokea. Halafu kaka mkuu atakupatia zawadi kwa niaba ya wanafunzi wote."

Nikamwambia, "Mwalimu, mwajua yule ni nani kwangu."

"Sikiza, msichana. Hayo ya nani na nani ni ya nyumbani kwenu. Mimi nataka picha moja nzuri. Na kumbuka wazazi walikuja hapa wakitaka utoke, mimi ndiye niliyekataa. Usinifanye nijute."

Rafiki yangu naye ameambiwa avae ngozi acheze ngoma ya kwao. Alipomwambia hajui hata moja, mwalimu akamjibu, "Utaruka ruka tu, nani atajua?"

Jana tulifanya mazoezi. Zawadi ni leso na sabuni za mtoto. Kaka mkuu akanijia nazo mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusoma hutuba, "Dada yetu, hapa ni kwenu, hatukubagui." Dada. Mtoto wangu ana pua yake, ana masikio yake, na mimi ni dada. Aliponisogelea akaninong'oneza, "Cheka basi. Ukinitaja nitasema ulikuwa wa kila mtu, na wenzangu washakubali kuniapia." Mwalimu kwa nyuma akapiga makofi: "Tena! Na huyu msichana atabasamu!" Tukarudia. Tukarudia tena, mpaka nikatabasamu, ndipo wanafunzi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Kuna aliyepita akaniambia, "Umetuchelewesha, Maziwa Lala, na wenzako tuna kazi."

Mama nimemwambia yote. Alikuwa akimpepea mtoto, hakuinua hata uso. "Mwanangu, tukua hiyo leso, sema asante, uye zako nyumbani. Kweli hailishi mtoto." Najua anachokiogopa. Nikifukuzwa hapa, shule nyingine ni ng'ambo, na mtoto huyu atanyonya nani?

Ndugu zangu, nimechoka, lakini akili ninayo. Msiniambie niache shule, kusoma siachi. Msiniambie nimsamehe, hajaniomba. Ninalowauliza ni hili moja. Alhamisi nipande, nitabasamu, nipokee leso mkononi mwake ili nimalize masomo yangu? Au nikipewa kipaza sauti nimtaje mbele ya wageni, liwalo na liwe? Wenye matusi pia andikeni, nitayasoma. Lakini ninyi wenye mabinti ndio nawasubiri zaidi. Binti yangu atakua, na huku kwetu hapakosi mtu wa kumuonyesha picha ile na kumwambia, "Huyu ndiye babako, na huyu ni mamako." Ingekuwa ni mwanenu, mngetaka amuone mamake anafanya nini?