Pini ya Trela

Mume wangu, Lawrence Wepukhulu, hawezi kutulia. Enzi za udereva wake, hata kanisani, akiwa ameegesha trekta nje, ungemwona shingo imegeukia dirishani wakati wa sala, na kabla ya matangazo kwisha keshatoka. Hakuogopa wezi. Alikwenda kuangalia pini.

Ngoja niieleze hiyo pini, maana nimeolewa nayo miaka kumi na tisa. Nyuma ya trekta kuna chuma chenye tundu. Mbele ya trela kuna mkono wenye jicho. Kinachoviunganisha ni pini moja ya chuma, nene kuliko kidole gumba, na chini yake klipu ya kuizuia isichomoke. Halafu kuna cheni mbili zinazopishana chini ya mkono, ili pini ikikatika trela isijiendee. Ni hivyo tu, na magunia sitini ya mahindi yanategemea hapo.

Alikuwa dereva wa Mama Chepkorir, mkulima wa Yamumbi, kando ya Eldoret. Kila siku kabla ya kupakia alipiga goti, akaingiza kidole kwenye jicho kupima kama limelika, akachomoa pini, akaifuta, akaipaka grisi, akairudisha, akavuta cheni. Kisha aliwasha, akasogea hatua mbili, akazima, akashuka kuangalia tena! Sisi vibarua wa shamba hilo, watu wa mtaa wa Langas, tulimwita Daktari wa Chuma. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu, kwa nini nidanganye?

Kilichotuudhi zaidi ni kwamba hakuruhusu mtu kupanda juu ya magunia. Wakati wa mavuno, kibarua akimaliza kazi hudandia mzigo unaoelekea mjini, na hakuna anayeuliza. Lawrence alikataa. Alisema watu hupenda kukaa nyuma, na uzito ukienda nyuma mkono wa trela hunyanyuka na kuivuta pini juu. Siku moja nilitembea kutoka Yamumbi hadi Langas, trela ikanipita, na mume wangu mwenyewe akanipungia mkono. Alipofika nyumbani nilimwakia.

"Kwani umewahi kuona mtu amekufa hivyo?"

"Sijawahi," alisema. "Na sitaki."

Novemba mwaka jana Mama Chepkorir alizidiwa na maradhi ya miguu, na mwanawe Edwin akatoka Nairobi kusimamia shamba. Ijumaa moja mahindi yalikuwa uani, yameshapakiwa kwenye trela tangu jana yake, na wingu jeusi limesimama upande wa magharibi. Lawrence akachomoa pini, akamwonyesha Edwin jinsi ilivyolika katikati.

"Hii siwezi kubeba nayo mzigo," alisema. "Nipe saa moja. Fundi Omollo atanichongea ingine."

"Lawrence, mvua inakuja! Weka nondo twende."

"Nondo ni nyembamba, itachezacheza ndani ya tundu. Itakunjika."

Akapanda boda boda akaenda na ile pini iwe kipimo. Edwin hakumngoja. Alimpigia simu Collins, kijana wa jirani aliyekuwa akikimezea mate kile kiti cha dereva tangu zamani. Collins akakata kipande cha nondo, akakipiga nyundo, akakifunga juu kwa waya. Cheni akaziacha stoo kwa sababu zinachelewesha.

"Pandeni, pandeni!" Edwin akatuita.

Tulipanda. Mimi nilikuwa wa kwanza, nikakaa nyuma kabisa ambako miguu inapata nafasi. Nilifurahi kama mtu anayelipiza kisasi.

Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni nikaanza kuisikia. Kla. Kla. Kila Collins alipokanyaga breki, trela ilisukuma na chuma kikagonga. Wenzangu waliendelea na hadithi zao, lakini mimi nimeishi na Daktari, masikio yangu yameshasomeshwa. Nilijua ile ni nini. Nikanyamaza. Ningepigaje kelele mbele ya watu niliocheka nao? Nilikuwa tayari kufa kuliko kuchekwa, na hadi leo naona aibu kuyaandika haya.

Boda boda ikatokea chini, inapanda. Lawrence alikuwa nyuma, na kitu kimefungwa kwa gazeti mkononi. Alipotuona aliruka, akasimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza. Collins alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Trela ikaisukuma trekta, watu wakapiga mayowe, na mtambo ukasimama hatua tatu tu kutoka kifuani mwake.

Walimtukana matusi yote yanayojulikana Eldoret. Hakumtazama Collins wala nani. Alizunguka hadi nyuma, akainua uso.

"Mama Faith, shuka," akaniita kwa jina la binti yetu.

Kila mtu akanigeukia.

"Toka barabarani," nilimwambia. "Unatuaibisha."

"Tafadhali. Shuka."

Alininyooshea mkono. Sijawahi kumsikia akiniomba hivyo, hata siku tuliyomzika mama yake. Nikashuka, na wengine wakashuka wakinung'unika. Aliweka mawe kwenye magurudumu, akamwambia Collins arudi nyuma kidogo, akaigonga ile nondo itoke. Waya ulikuwa umekatika, na nondo imekunjika kama kiwiko. Akaingiza pini mpya. Alipokuwa akifunga klipu mvua ikashuka, na kabla turubai halijatandazwa magunia ya juu yakalowa.

Edwin alifika na pikapu. Hakuitazama nondo, aliyatazama mahindi.

"Lawrence, wewe pumzika. Collins ataendelea."

Basi. Kazi ya miaka yote hiyo ikaisha hapo, magoti yake yakiwa bado matopeni.

Nilidhani sasa atatulia. Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya geti letu, kando ya njia ya matrekta. Collins alipopita, Lawrence aliinama kuchungulia chini. Siku ya tatu Collins alipunguza mwendo. Juma la pili alikuwa anasimama kabisa. Hawakusalimiana. Lawrence alipiga goti, akapapasa, akainua mkono, trekta ikaenda.

"Unamfanyia nani kazi?" nilimkemea. "Watu waliokufukuza?"

"Trela haijui nimefukuzwa."

Januari alipata kibarua cha ujenzi upande wa Turbo, akawa anaondoka alfajiri. Siku yake ya kwanza huko nilikuwa naosha vyombo niliposikia honi getini.

"Mama Faith! Mzee ako?"

"Ameenda kazi."

Collins hakuondoka. Alikaa na mikono juu ya usukani, injini inanguruma. Juu ya magunia walikuwa watu tisa, na nyuma kabisa, miguu inaning'inia, rafiki yangu Mildred.

"Basi kuja uangalie wewe," Collins alisema, bila kunitazama. "Mimi sijiamini."

Nilitoka na mikono yenye povu. Nikapiga goti. Pini ilikuwa mahali pake na klipu imefungwa. Nikavuta cheni zote mbili, zikashika. Nikainuka, nikawaambia wote washuke.

Mildred akacheka. "Linah, hata wewe?"

Nilikwenda nikasimama mbele ya trekta, nikangoja washuke mmoja mmoja.