Mama Mayai na Mvinyo Usio na Yai

Saa mbili asubuhi, mikono yake imezama ndani ya ndoo hadi viwikoni. Anakoroga udongo laini wa kijivu kwenye maji ya uvuguvugu, anaponda madonge kwa vidole, anakoroga tena. Udongo huu umelowekwa tangu jana. Mchana utamiminwa kwenye mapipa ya mvinyo, uzame taratibu na uchafu wote, mvinyo ubaki mwangavu.

Kiwandani humu bado wanamwita Mama Mayai. Ana miaka hamsini na mitatu, mjane, na watoto wake watatu amewasomesha kwa kazi ambayo wengi hawaamini kuwa ipo: kuvunja mayai katika kiwanda cha pombe.

"Majirani walidhani napika keki," anasema, akicheka.

Kwa miaka kumi na minne alitenga ute na kiini, mayai sita kwa kila pipa, mapipa arobaini. Ute ulitiwa kwenye mvinyo ili unase uchafu, kisha ukaondolewa. Viini waligawana wafanyakazi. Chupa haikutaja yai, na mnywaji alijua ni zabibu tu.

Mwaka juzi mwanawe mkubwa alioa. Mkwe huyo hali nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Aliacha tangu akiwa shuleni, na kutaniwa alishazoea. Siku ya kwanza alipokuja kumwamkia mama mkwe, alikuta amepikiwa maharage na mboga kwa mafuta ya mimea, na mezani chupa ya mvinyo wa kiwandani. Alifurahi. Akasema angalau kwenye kinywaji hana wasiwasi, maana zabibu ni tunda.

Glasi ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Ningenyamaza, nani angejua?" anasema Mama Mayai. "Lakini nilimwambia, usinywe, mwanangu. Humo mmepita mayai, na niliyeyavunja ni mimi."

Mkwe aliirudisha glasi mezani. Akakiri kwamba mvinyo huo ameunywa miaka mitano. Machozi yakamtoka. Halafu akamshika mkono mama mkwe wake.

"Mama, wewe ni wa kwanza kuniambia ukweli bila kunicheka."

Neno hilo lilimkaa Mama Mayai moyoni wiki nzima. Alitaka kumweleza msimamizi wa mapipa, lakini aliogopa. Mayai yakiondoka, mvunja mayai atabaki kufanya nini? Mdogo wake alimwonya asikate tawi alilokalia. Ijumaa akaenda hivyo hivyo.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia wapo wateja waliowahi kuandika kuuliza jambo hilo, na hakuna aliyewajibu. Akaeleza kwamba upo udongo unaofanya kazi ile ile, ila unataka mtu mwenye subira, maana ukizidi unaondoka na ladha.

"Nilidhani nimekwenda kuaga kazi, kumbe nimeitwa darasani," anasema.

Mapipa matatu ya kwanza yaliharibika. La nne likatoka safi. Chupa yake ya kwanza alimpelekea mkwe, ambaye alionja, akasema inakwaruza koo kidogo, kisha akaomba glasi ya pili.

Leo nusu ya mapipa hayaguswi na yai, na wenzake wawili wamejifunza kwake kukoroga udongo.

"Namshukuru Mungu kwa mkwe huyu," anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Wengine hupewa mkwe wa kuwapikia. Mimi nimepewa wa kunifungua macho."

Mavuno yajayo ya zabibu anataka mapipa yote arobaini yawe ya udongo. Tena ameomba nyuma ya kila chupa paandikwe kilichotumika kusafisha mvinyo, kwa herufi ambazo hata aliyesahau miwani atazisoma. Msimamizi ameahidi kulifikisha ombi hilo kwa wakubwa.

"Mtu akitaka kujua, chupa imjibu yenyewe," anasema. "Si kila mtu ana mama mkwe anayefanya kazi hapa."